Acha Nimalize Mwenyewe

"Nijibu kitu kimoja tu," Masikio alisema, mgongo wake ukiwa umeelekea mlangoni na mikono yake juu ya mitambo. "Hutaki kuondoka, au hunitaki mimi?"

"Vyote viwili."

"Vyote viwili?"

"Umesikia. Si ndiyo maana wanakuita Masikio?"

Studio ilikuwa kimya. Kuta zote zilizibwa kwa sponji, na humo ndani mtu akimeza mate jirani yake anasikia. Sindano alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, amekumbatia mkoba wake kama abiria anayeogopa vibaka. Mezani, kati ya kikombe cha chai iliyopoa na rundo la waya, kulikuwa na kiboksi kidogo chekundu. Alikuwa amekifungua, akaitazama pete, akakifunga, kisha akakisukuma taratibu kwa kidole kimoja hadi upande wa Masikio.

"Haya," Masikio akasema. "Jumamosi asubuhi nasafiri. Kazi naanza Jumatatu ijayo. Nilitaka niondoke nikiwa na jibu, na jibu nimelipata."

"Nakutakia kila la heri."

"Usinitakie kitu, tafadhali."

Hakupaza sauti. Huyu ni mwanaume aliyekaa miaka saba akisikiliza pumzi za watu wengine kupitia hedifoni, kelele hazimo katika damu yake. Sindano akainuka, akatoka, akashuka ngazi tatu, ya nne ikamshinda. Akakaa palepale kwenye ngazi akalia, amejiziba mdomo kwa mkoba, maana alimjua Masikio. Angemsikia.

Sasa wewe unayesoma usiwe na haraka ya kumlaani. Binti alikuwa anampenda yule fundi mpaka kucha. Jibu alilotoa lilikuwa la uongo kuanzia herufi ya kwanza, na sababu ya uongo huo ilikuwa na futi sita na ndevu, na ilikuwa saluni wakati huo ikimsaidia mama kufagia nywele.

Sababu hiyo ni kaka yake, Nyundo.

Kama unasikiliza hip-hop huna haja ya kuelezwa. Sindano na Nyundo, kundi la Tumbo Moja, miaka kumi wanachana mistari. Kama husikilizi, basi jua hivi: ni mtu na kaka yake, wamepishana mwaka mmoja na miezi, wamekulia ndani ya saluni ya mama yao. Studio yao ya kwanza ilikuwa chini ya zile mashine za kukaushia nywele. Ukiingiza kichwa mle mashine ikiwa imezimwa, sauti yako inakurudia masikioni, nzito, kama ya msanii mkubwa. Wakawa wanashindana humo, huku wateja wamekaa na nywele mbichi wanawasubiri.

Walikuwa wakigombana kila siku kuhusu nani ana mistari mikali. Siku moja mama akachoka, akatoa hukumu huku ameshika kitana.

"Kuanzia leo kila mtu atamwandikia mwenzake. Wewe andika za dada yako, na wewe andika za kaka yako. Tuone nani ana roho mbaya."

Hukumu ya kunyamazisha watoto ikageuka utaratibu wa kazi. Mpaka leo Sindano anaandika beti za Nyundo, Nyundo anaandika za Sindano. Karatasi inakunjwa mara mbili, na mwenye kuisoma haifungui mpaka awe mbele ya maiki, biti, yaani mdundo, ikiwa imeshaanza. Ndiyo maana nyimbo zao zina ule moto. Unachokisikia ni mtu anayejisoma kwa mara ya kwanza.

Lakini kuna jambo lingine. Nyundo ana kigugumizi. Akichana, maneno yanamtoka kama maji ya bomba. Akizungumza, hata kuomba chumvi ni safari. Basi tangu utotoni Sindano alimsemea. Redioni Sindano, kwenye simu Sindano, kwa daktari wa meno Sindano. Nyundo akianza neno, dada anamalizia, tena haraka mpaka watu walikuwa hawajui yule kaka mwenyewe angemalizia vipi.

Na miaka sita iliyopita mwenye kampuni moja kubwa ya muziki alimtaka Nyundo peke yake. Alisema dada ni mzuri, ila anamtaka kaka tu. Nyundo akatikisa kichwa, akasema, "B-bila dada s-sisaini." Akaurudisha mkataba mezani.

Sindano alikuwa pale. Aliyaona kwa macho yake. Siku hiyo alilia kwa shukrani mpaka akawa hoi, na moyoni akajiapiza: huyu aliyekataa dunia kwa ajili yangu, sitamwacha hata siku moja.

Sasa Masikio kapata kazi ya sauti za filamu kwenye mji mwingine, safari ya siku nzima. Kazi aliyoitafuta miaka minne. Sindano akiolewa huko, nani atamsemea Nyundo? Na akimwambia Masikio ukweli, Masikio ataiacha kazi abaki. Anamjua. Basi akaona bora aseme simtaki, aumie mmoja, wengine wasalimike. Hesabu za mapenzi hizo, kila mtu huzipiga vizuri mpaka siku ya majibu.

*

Saluni, mama alikuwa anasuka. Alimtazama binti yake mara moja tu kupitia kioo.

"Macho yako yamefanyaje?"

"Vitunguu."

"Vitunguu vya saluni gani hivyo?"

Sindano akachukua ufagio mkononi mwa kaka yake. Nyundo akamtazama, akarudisha simu mfukoni, akasogea karibu.

"M-Masikio a-amesema n-n…"

"Amesema turekodi Jumatano saa sita, ndiyo. Najua."

"S-siyo hi-hicho, ni…"

"Na biti ameshaiandaa, usijali. Wewe ubeti wangu umeshaandika?"

Nyundo akafunga mdomo. Akaenda kukaa kwenye kiti cha pembeni, akatoa kalamu, akararua ukurasa aliokuwa ameuandika, akaanza mwingine. Mama aliona. Mteja aliona. Sindano alikuwa anafagia mahali pasipo na nywele.

*

Jumatano saa sita wakaingia studio. Masikio alikuwa amevaa shati safi na uso wa kazini. Akawasalimu wote wawili sawasawa, kama fundi anavyosalimu wateja, na hilo lilimchoma Sindano kuliko kama angenuna.

Nyundo alitangulia kwenye kibanda cha kurekodia. Akafungua karatasi ya dada yake, akachana mara moja, safi, bila kurudia. Ulikuwa ubeti wa kujisifu, wa ndugu wasioachana hata dunia ipasuke. Alipotoka hakuonekana kufurahi. Akatoa karatasi yake mfukoni, imekunjwa mara mbili, akampa dada yake, akaketi kwenye kochi na kuangalia sakafu.

Sindano akaingia. Akavaa hedifoni. Biti ikaanza, ngoma nzito na kinanda kimoja cha huzuni nyuma yake. Akafungua karatasi, akavuta pumzi, akaanza.

*Nashona mashairi, moyo wangu una tundu,*
*Nawachoma wote, nikifika kwako bubu.*
*Nilisema sikutaki, ulimi ukinigomea,*
*Mdomo ulikataa, macho yakakuitikia…*

Mdomo ulikuwa umetangulia, akili ikafika kwenye mstari wa nne. Akanyamaza. Biti ikaendelea peke yake. Macho yake yalikuwa yameshaona mistari miwili iliyobaki, na hiyo hakuisoma kwa sauti:

*Namlinda kaka yangu kama yai la kuatamia,*
*Kaka keshatotoka, mimi bado nimelalia.*

Sauti ya Masikio ikaja kwenye hedifoni, nyembamba. "Tuanze upya?"

"Hapana."

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa suruali, akatoka kibandani. Masikio alikuwa amesimama. Biti ilikuwa bado inacheza, na hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Ni kweli?" Masikio akauliza.

"Nini?"

"Ulichosema."

"Mimi sijasema. Si unajua tunavyofanya kazi? Mashairi ni yake. Muulize aliyeandika."

Masikio akamgeukia Nyundo. Nyundo akainuka, mkono wake ukaanza kupiga paja, ule mdundo anaoupiga akitaka neno litoke.

"D-dada a-ana…"

"Ana wazimu, ndiyo. Wa kukaa na ndugu anayemwaga siri za watu hadharani."

"A-anaku…"

"Anakuomba umsamehe, Masikio, mambo ya familia haya, tutayapanga nyumbani."

"U-u-usinimalizie."

Alilisema polepole, na lilimtoka zima. Miaka kumi ya kundi, miaka yote ya utoto, Sindano hakuwahi kuambiwa neno hilo.

"Unasemaje?"

"U-usinimalizie. A-acha ni-nimalize mwenyewe." Jasho lilikuwa linamtoka Nyundo kwenye paji la uso. "K-kesho re-redioni n-nakwenda pe-peke yangu."

"Wewe? Matangazo ya moja kwa moja, dakika thelathini, peke yako?"

"N-ndiyo."

"Watu watakucheka."

"W-wacheke."

"Haya. Utajua mwenyewe."

Sindano akachukua mkoba. Akapita kati ya wanaume wawili anaowapenda kuliko wote duniani, akaondoka bila kumtazama hata mmoja.

Hajafika kona ya pili, simu ikalia. Ujumbe.

*Kazi yangu ni kujua mtu anaposoma na mtu anaposema. Mistari miwili ya kwanza ulikuwa unasoma. Ile mingine, hapana. M.*

Akaandika jibu, akafuta. Akaandika jingine refu, akafuta. La tatu lilikuwa na maneno mawili, hilo akalituma:

*Safari njema.*

Jioni hiyo nyumba ilikuwa na watu watatu na lugha moja, lakini mkalimani akahitajika.

"Mama, mwambie mwanao apitishe chumvi."

"M-mama, mwambie bi-binti yako i-iko mbele yake."

"Nyinyi wawili," mama akasema, "nimewabeba tumbo moja mkiwa na fujo, sasa mna ndevu na matiti fujo ni ileile. Kuleni."

*

Alhamisi saa nne asubuhi, redio ya saluni ilikuwa wazi. Mwalimu mmoja wa shule ya jirani alikuwa kwenye kiti, kichwa kimesukwa nusu. Mama mmoja mnene alikuwa chini ya mashine ya kukaushia. Sindano alikuwa anapanga vibanio ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Tuko na nusu ya Tumbo Moja," sauti ya mtangazaji ikasema. Alikuwa dada mchangamfu, Sindano anamfahamu, wamefanya naye mahojiano mara nne. "Nyundo, karibu. Leo Sindano yuko wapi?"

Kimya. Kisha ile pumzi. Sindano aliijua ile pumzi kabla ya redio kuijua.

"Y-y-y…"

Akaweka vibanio chini, akashika simu. "Nampigia mtangazaji. Nitaingia hewani."

"Kaa chini," mama akasema.

"Mama, anadhalilika."

"Kaa. Mimi niliyemzaa nimekaa, na mkono wangu unaendelea kusuka."

Mkono wa mama ulikuwa umesimama, lakini hakuna aliyemwambia. Sindano akakaa.

"Y-yuko nyumbani," Nyundo akasema hatimaye. "Ni-nimemwacha makusudi."

Kuanzia hapa nitakuandikia maneno yake moja kwa moja, ila wewe ongeza kukwama katika kila neno la pili, na mara nyingine ongeza kimya cha kutosha kufunga kamba za viatu. Mtangazaji, Mungu ambariki, hakumsaidia hata silabi moja.

"Makusudi? Kwa nini?"

Kimya kirefu.

"Redio imezimika?" akauliza yule mama chini ya mashine.

"Haijazimika," mama akajibu. "Anatafuta neno."

"Kwa sababu," Nyundo akasema, "nimemnyonya dada yangu miaka mingi, na nimeona leo niseme. Kuna hadithi inasimuliwa, kwamba niliwahi kukataa mkataba mkubwa kwa ajili yake. Iliandikwa hata kwenye gazeti. Dada yangu akiikumbuka analia."

"Naikumbuka. Hadithi nzuri sana ile."

"Siyo kweli."

Sindano akasimama. Mama hakumwambia akae.

"Siku ile yule bwana aliniambia, ukisaini, kesho yake utakaa mbele ya waandishi wa habari, peke yako. Nikaiona ile meza. Nikaona zile kamera, na mimi nimekwama kwenye herufi moja. Nikaogopa. Nikasema bila dada sisaini. Ukaonekana upendo. Ulikuwa woga tu."

"Lo," mwalimu akanong'ona, nywele zake nusu zikiwa zimesimama.

"Tulipotoka pale dada akanikumbatia analia, ananishukuru. Nikataka kumwambia. Nikaanza, nikakwama, yeye akanimalizia. Akasema, 'Unataka kusema unanipenda.' Nikatikisa kichwa, ndiyo. Na kweli nampenda, ila sicho nilichotaka kusema. Nikaacha hivyohivyo. Miaka sita mtu ananishukuru kwa woga wangu, nami napokea."

Mtangazaji akauliza taratibu, "Na kwa nini umeamua leo?"

"Kwa sababu kuna mtu anampenda, naye anampenda huyo mtu. Jumatatu amemkataa kwa ajili yangu. Na mtu huyo alikuja kwangu kabla, akaniomba ruhusa kama mwanaume. Niliandika jambo hili kwenye ubeti, nikakosea, maana nilimtoa hadharani bila kumuuliza. Nilitumia ubeti kwa sababu nilikuwa naogopa kutumia mdomo. Dada, nisamehe kwa hilo."

Hapo Sindano alikuwa ameegemea kioo, machozi yanamshuka mpaka shingoni.

"Sasa wasikilizaji wanataka kujua. Tumbo Moja ndiyo basi?"

"Hapana. Mistari inatumwa kwa simu siku hizi." Mtangazaji akacheka. Nyundo naye akacheka, na kicheko hakina kigugumizi. "Naomba niseme moja la mwisho. Nilipokuwa na miaka sita darasani walinicheka, dada alikuwa na miaka minne na ushee, akaja mpaka mlangoni akawaambia, 'Anataka kusema anaitwa nani, subirini.' Asante kwa siku ile, dada. Asante kwa zote. Umenisemea vya kutosha. Sasa nenda ukajisemee."

Wakaweka wimbo. Yule mama chini ya mashine alikuwa analia waziwazi, anajipangusa kwa taulo la saluni.

"Mjinga huyu," Sindano akasema, analia na kucheka. "Miaka sita. Mama, ulijua?"

"Nilishuku. Woga wa mwanangu naujua unavyonuka."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana na shukrani yako. Na wewe nawe, mwanangu, niseme nisiseme?"

"Sema."

"Ulikuwa unapenda kuwa mdomo wake. Ulikuwa unaogopa siku akipata wake, wako utafanya kazi gani."

Sindano alitaka kubisha. Ila neno la mama lilikuwa kweli. Miaka yote alidhani anabeba mzigo wa shukrani, kumbe alikuwa ameukalia kama kiti. Lakini hata hivyo hakusikia uchungu. Alisikia wepesi ambao hajausikia tangu ana miaka ishirini. Alikuwa na kaka muoga aliyejikokota mpaka mbele ya maiki ya moja kwa moja, akakwama mbele ya nchi nzima, ili dada yake awe huru. Ukiniuliza mimi, hilo ni kubwa kuliko kukataa mkataba.

Akatoka nje ya saluni, akapiga simu. Ikaita mara moja tu.

"Haloo."

"Umesikiliza redio?"

"Nilikuwa nafunga mizigo," Masikio akasema. "Nikaacha kufunga."

"Jumatatu nilikudanganya."

"Najua."

"Nakupenda. Nataka kuondoka na wewe, na ninataka wewe. Nilifikiri nikikuambia sababu utaiacha kazi ubaki."

"Kwa hiyo ukaona nisiambiwe."

"Ndiyo."

Sindano akasikia pumzi ya Masikio, na akajua kwamba ameumia.

"Basi na mimi ulinimalizia," Masikio akasema. "Uliamua nitakachosema, ukakisema wewe, ukakijibu wewe."

Hilo lilimpata pale penyewe. Akaegemea ukuta.

"Nisamehe," akasema. "Sina la kujitetea. Ungesema nini, kama ningekuacha umalize?"

"Ningesema twende wote. Na kaka yako awe anakuja wiki moja kila mwezi tunarekodi. Kule kuna studio ndogo haitumiki Jumamosi na Jumapili. Nilikuwa nimeshawauliza, wakakubali, kabla hata sijanunua pete. Nilikuwa nimejiandaa kukueleza. Sikufika hata nusu."

Mtu huyu alikuwa amemfikiria yeye, akamfikiria na kaka yake, akaenda kuomba chumba, na yeye akamjibu kwa kidole kimoja juu ya meza.

"Upo?" Masikio akauliza.

"Nipo. Nashukuru tu. Nimekosa neno jingine."

"Hilo linatosha."

"Pete umeirudisha?"

"Hapana. Iko mfukoni. Niliona aibu, fundi dhahabu alinitakia heri mbele ya wateja wote."

"Usiirudishe, basi."

"Sindano, hiyo ni ndiyo? Maana leo simmalizii mtu."

"Ndiyo. Nataka kuolewa na wewe. Njoo kwa mama useme."

"Nakuja."

Alipogeuka, yule mwalimu alikuwa mlangoni na kichwa chake cha nusu, mama nyuma yake, na yule mama mnene ameacha mashine inawaka peke yake. Wote wakajifanya wanatazama barabara.

Nyundo akarudi saa saba mchana, shati limelowa jasho kama mtu aliyetoka kubeba magunia. Dada yake akamkimbilia. Alikuwa na maneno mia moja. Akayameza yote.

"Ilikuwaje?" akauliza.

"I-ili… i-ilikuwa…"

Akasubiri. Nyundo akalitafuta neno, akatazama juu, akapiga paja. Gari mbili zikapita barabarani. Sindano hakusema kitu.

"I-ilikuwa ta-tamu," Nyundo akasema.

Wakakumbatiana palepale, mpaka mama akawaambia wanazuia mlango wa biashara.

*

Masikio alisafiri Jumamosi kama alivyopanga, na pete ikabaki kwenye kidole ilikostahili. Baada ya wiki tisa akarudi na mjomba wake, mzee mpole wa suti ya kijivu, kuja kumwomba binti rasmi. Sebule ya mama ilijaa. Yule mwalimu alikuwepo, safari hii kasukwa kichwa kizima.

"Msemaji wa familia hii ni nani?" mjomba akauliza.

Watu wakamtazama Sindano kwa mazoea, ingawa yeye ndiye aliyekuwa anaombwa. Nyundo akainua mkono.

"M-mimi."

Mazungumzo yaliyotakiwa kuchukua nusu saa yalichukua saa moja na robo, na hakuna aliyeangalia saa. Mwishoni mjomba akakohoa, akauliza lile swali lililowaleta.

"Basi, kwa yote tuliyozungumza, je, familia imeridhia?"

Nyundo akasimama. Akaweka mkono kifuani.

"Fa-familia i-i-i…"

Neno likagoma. Sebule nzima ilikuwa inalijua. Mjomba, kwa wema wake, akafungua mdomo ili amsaidie. Sindano, aliyekuwa amekaa pembeni na kitambaa kichwani, akamtikisia kichwa taratibu, kumwambia amwache. Mzee akaelewa, akafunga mdomo. Masikio alikuwa ameinama, anasikiliza kama anavyojua yeye kusikiliza.

"I-imeridhia," Nyundo akasema. "Na i-inashukuru."

Vigelegele vya mama vikaanza kabla hajamaliza kuketi. Nyundo akapangusa uso kwa kiganja, akamwomba dada yake maji ya kunywa.